Hitisinki Ikikaa Upande: Prosesa za Zamani Mikononi mwa Mafundi wa Pwani ya Kusini

Klipu ya chuma inayoshikilia hitisinki, lile pande la chuma la kupozea joto, juu ya prosesa ya AMD Athlon ya mwaka 2000 hukandamiza kwa nguvu ya kilo 7 hivi. Nguvu hiyo yote inatua juu ya kipande cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 120 hivi na unene usiofika milimita moja, kisicho na kifuniko wala fremu ya kukikinga. Hicho ndicho kiini cha prosesa. Kikikandamizwa sawasawa, kinastahimili mzigo huo miaka 20 na zaidi, usiku na mchana. Kinachokivunja ni nusu sekunde ya klipu kutegwa vibaya: upande mmoja unaingia, hitisinki inainama, na kilo zote 7 zinahamia kwenye ukingo mmoja au kona moja. Fundi husikia mlio mdogo tu. Akiwasha mashine, feni inazunguka, taa inawaka, kioo kinabaki cheusi.

Prosesa za kizazi hicho hazitengenezwi tena popote duniani. Ikivunjika moja Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, hakuna duka la kukimbilia, Mombasa wala Nairobi. Inabidi itafutwe mashine nyingine iliyokufa, ing'olewe prosesa yake, na kazi ile ile ya hatari ianze upya.

Kompyuta hizi ziliingia Kenya kwa wingi katika miaka ya 2000, nyingine kama mtumba ndani ya makontena yaliyoteremshwa bandarini Mombasa, nyingine kama msaada. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijenga kazi yake juu ya mashine zilizokwisha tumika: kuzipokea, kuzikarabati na kuzigawa shuleni. Ofisi za Ulaya na Marekani zilipobadilisha mitambo, kati ya zile zilizotolewa zilikuwemo za Pentium III, Celeron, Duron na Athlon, yaani kizazi kile kile cha prosesa zilizoachwa uchi. Mwanafunzi aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza miaka hiyo, iwe Kwale au Kakamega, yumkini alikishikia mbele ya mashine ya aina hiyo.

Baadhi bado zina kazi. Kuna mashine ya kupimia au kuchapishia ambayo programu yake iliandikwa kwa ajili ya Windows 98 na haiwezi kwenda kwenye kompyuta mpya, kwa kuwa kompyuta mpya haina hata tundu la kuchomekea waya wake. Kuna hesabu za miaka kumi zilizofungiwa ndani ya programu ya DOS. Kuna mwalimu anayetaka wanafunzi wafungue mashine waone viungo vyake kwa macho, jambo ambalo simu na tableti haziruhusu. Na kuna sababu nyingine kubwa zaidi, ambayo itafikiwa mbele: laptopu za leo nazo zina kiini kilicho uchi.

Ilikuwaje hata prosesa ikaachwa bila kifuniko? Katika prosesa za mwanzo kiini kiligandishwa kwa mgongo wake ndani ya kasha la seramiki, na nyuzi nyembamba ziliunganisha sakiti zake na pini. Kasha hilo lilikuwa gumu; fundi angeweza kulibana atakavyo. Joto nalo lilikuwa dogo. Prosesa nyingi za 486 zilifanya kazi bila hitisinki yoyote, na Pentium ya kwanza ya mwaka 1993, iliyokwenda kwa megahezi 66, ilitoa wati 16 kwa wingi wake wote.

Kadiri kasi ilivyopanda, joto lilipanda nalo, na seramiki ikawa kikwazo katikati ya kiini na hewa. Wahandisi wakakigeuza kiini kifudifudi. Sakiti sasa zilitazama chini, zikishikana moja kwa moja na pini kupitia vitone vidogo vya risasi ya kulehemia, na mgongo wa silikoni ukabaki juu, wazi, tayari kugusana na hitisinki bila kitu kingine katikati. Intel ilitoa Pentium III za namna hiyo mwishoni mwa 1999. AMD ikafuata Juni 2000 na Athlon na Duron za soketi yenye matundu 462, ile inayoitwa Socket A. Kwa kupoza joto, uamuzi ule ulikuwa mzuri. Kwa mikono ya watu, ulikuwa mgumu. Kampuni zenyewe zililiona hilo: Intel ikaweka kifuniko cha chuma kwenye Pentium III za mwisho mwaka 2001, na AMD ikafanya hivyo Septemba 2003 ilipoleta Athlon 64.

Kati ya 1999 na 2003, basi, kuna kizazi kizima cha prosesa zilizo uchi, na ndizo zinazohitaji mkono mtulivu.

Silikoni ni ngumu kuliko vyuma vingi, ila haijui kupinda. Chuma kikizidiwa hubonyea. Silikoni ikizidiwa hukatika. Tena kiini ni fuwele moja, kwa hiyo ufa mdogo ulioanzia ukingoni hupata njia iliyonyooka ya kusafiri. Mgongo wenyewe ukichunika kidogo hakuna la kuogopa, kwa sababu sakiti ziko upande wa chini. Hata kona iliyomeguka kijichembe pengine haiiui prosesa, na wapo wanaozitumia zenye makovu ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka. Lakini ufa ukiteremka hadi kwenye sakiti, mambo yamekwisha. Hakuna gundi wala risasi ya kuirudishia prosesa uhai.

AMD waliweka vibonye vinne vya mpira kwenye pembe za Athlon na Duron ili hitisinki itue juu yake kwanza na kubaki sawa huku klipu ikikazwa. Vibonye hivyo ni vidogo, rangi yake haivutii macho, na fundi asiyevijua huvibandua akidhani ni uchafu uliogandia au gundi ya kiwandani. Mashine ya miaka 20 mara nyingi hufika mezani ikiwa na vitatu au viwili. Hitisinki iliyolala juu ya vibonye vitatu huinama kuelekea pembe isiyo na kitu, na hapo ndipo kiini huliwa. Kabla ya lolote, fundi avihesabu. Kikikosekana kimoja, akate kipande cha povu au mpira laini chenye kimo kile kile akibandike mahali pake. Kikiwa kirefu kuliko kiini na kigumu, kitaizuia hitisinki isiguse kiini. Kikiwa kifupi hakina faida.

Zamani wapenzi wa kompyuta walinunua fremu nyembamba za shaba za kuzungushia kiini ili hitisinki isiiname. Wazo lilikuwa zuri, lakini shaba hupitisha umeme, na juu ya kasha la Athlon kuna viunganishi vidogo vilivyo wazi. Fremu ikivigusa, au ikiwa nene kidogo kuliko kiini, tiba inageuka ugonjwa. Mpira laini unatosha.

Kosa linaloua prosesa nyingi za Socket A halihusu nguvu kabisa, linahusu mwelekeo. Upande mmoja wa soketi umeinuka kuliko pande nyingine. Ni ule ambao kwa kawaida umeandikwa SOCKET 462 au SOCKET A, na ndani yake umo mtambo wa kubana pini unaoendeshwa na mkono wa soketi. Kwa sababu hiyo kitako cha hitisinki kimechongwa mfereji upande mmoja, ili kipite juu ya sehemu hiyo iliyoinuka. Fundi akiigeuza hitisinki, mfereji unakwenda upande usiohusika na kitako kinapanda juu ya soketi. Klipu itafunga vizuri kabisa. Kwa juu kila kitu kitaonekana kimekaa. Chini yake, kiini kinagusa hitisinki kwa ukingo mmoja tu, au hakigusi.

Yanayofuata baada ya umeme kuwashwa yalionyeshwa kwa dunia nzima mwaka 2001, pale tovuti ya Tom's Hardware ilipotoa video ya jaribio la kung'oa hitisinki mashine zikiwa kazini. Pentium 4 ilijipunguzia mwendo ikaendelea. Pentium III iliganda, lakini ilipona. Athlon ya gigahezi 1.4 ilitoa moshi ikafa, joto likiwa limepita nyuzi 300 ndani ya sekunde chache. Athlon za awali hazikuwa na kipimajoto ndani ya kiini chenyewe. Madabodi nyingi, yaani bodi kuu zinazobeba prosesa, zilipima joto kwa kitambuzi kilichowekwa chini, katikati ya soketi, na habari ya hatari ilifika imechelewa. Kuwasha Athlon ya zamani hata kwa nukta moja bila hitisinki, eti kuijaribu tu kama inaamka, ni kuichoma.

Kazi nzuri huanzia kwenye kuitoa hitisinki ya zamani. Pesti au utepe wa kupitishia joto uliowekwa kiwandani kati ya kiini na hitisinki huwa umekauka ukageuka gundi. Akiivuta hitisinki kwa nguvu kwenda juu, fundi anaweza kuing'oa prosesa pamoja nayo huku soketi ikiwa bado imebana. Hilo hutokea sana kwenye Pentium 4 za pini 478, na pini hutoka zimelala huku na huko. Njia ya upole ni kuiwasha mashine dakika kumi hivi ili pesti ilainike, kuizima, kuchomoa waya wa umeme ukutani, kisha kuachia klipu na kuizungusha hitisinki kidogo sana, ikiwa imelala bapa, hadi iachie. Pini iliyopinda hunyooshwa kwa ncha ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi ndani, ile ya milimita 0.5: tundu lake huimeza pini, na mkono huirudisha wima polepole. Pini iliyorudishwa mara ya pili au ya tatu hukatika.

Madabodi ni vizuri itolewe ndani ya kasha la kompyuta. Inachosha, ina skrubu nyingi na waya nyingi, na mteja aliyeacha gari likimngoja barabarani hataifurahia. Lakini ndani ya kasha fundi hufanya kazi kwa pembe, mkono mmoja umebanwa na vyuma, jicho halioni soketi upande wa pili, na nguvu hutoka imepinda tangu mwanzo. Juu ya meza, madabodi ikilala kwenye kipande cha povu, nguvu hushuka wima.

Halafu usafi. Pesti ya zamani itolewe yote, juu ya kiini na chini ya hitisinki, kwa kadi ya plastiki na kitambaa kisichotoa nyuzi. Wembe na kisu havina kazi hapa. Cha kusafishia kiwe alkoholi safi ya aisopropili. Kwenye pwani ya kusini, kama kwingineko nchini, kinachopatikana upesi ni spiriti ya duka la dawa, na hapo pana mtego: spiriti ya hospitali ya kupaka ngozi huchanganywa na mafuta ya mbarika, na vitakasa mikono vingi vina gliserini. Vyote viwili huacha utando usioonekana juu ya kiini, na utando huo huizuia pesti kushika. Chupa isomwe kabla ya kununuliwa. Kama viungo vya ziada vimeandikwa, si yenyewe.

Kwa nini pesti inahitajika, ilhali kitako cha hitisinki ni laini kwa mkono? Kwa sababu kwa jicho la hadubini nyuso zote mbili zina mabonde, na mabonde hayo yamejaa hewa. Shaba hupitisha joto mara elfu kumi na tano kuliko hewa. Pesti si nzuri kama shaba hata kidogo. Kazi yake ni kufukuza hewa, basi. Ndiyo maana ikizidi inaharibu. Kwa kiini kilicho uchi, kiasi cha nusu punje ya mchele kinatosha, kikitandazwa kwa kadi hadi silikoni yote ifunikwe kwa tabaka jembamba. Prosesa zenye kifuniko zinasamehe sehemu iliyokosa pesti, kwa kuwa chuma husambaza joto. Kiini kilicho uchi hakisamehi: sehemu isiyo na pesti hujipika yenyewe.

Pesti nyeupe ya kawaida inafaa. Zile zenye chembechembe za fedha, kama Arctic Silver, zinapoza vizuri lakini zisimwagikie viunganishi vilivyo juu ya kasha. Dawa ya meno, ambayo imekuwa ikijaribiwa na watu wa nchi nyingi, hupoza kweli kwa siku za kwanza kwa sababu ya maji yaliyomo, kisha hukauka ikawa chokaa. Hakuna sababu ya kuitia ndani ya mashine ambayo mtu anaitegemea.

Sasa klipu. Hitisinki ishushwe wima hadi itue kwa pamoja juu ya vibonye vinne, mfereji ukielekea upande ulioinuka wa soketi. Isisuguliwe huku na huko. Kiganja cha mkono mmoja kibaki katikati yake, kikiituliza bila kuikandamiza. Upande wa klipu usio na sikio la kushikia huingizwa kwanza kwenye jino la soketi. Kisha upande wenye sikio husukumwa chini na nje kwa bisibisi bapa hadi umeze jino la pili. Hapa ndipo bisibisi huteleza. Ikiteleza, ncha yake hukata njia za shaba zilizo juu ya madabodi, nyembamba kama zilivyo, na sasa prosesa ni nzima lakini madabodi imekufa. Jalada la daftari likikunjwa na kuwekwa chini ya mahali bisibisi inapofanya kazi, linazuia hasara hiyo bila gharama yoyote.

AMD walitaka klipu ikandamize kati ya kilo 5 na 11, na hitisinki isizidi gramu 300. Wapenzi wa mwendo kasi walipuuza kikomo hicho wakanunua hitisinki za shaba tupu, nyingine zikizidi nusu kilo. Zile zilizotengenezwa kwa busara hazikuning'inia kwenye meno ya soketi. Zilifungwa kwa bolti nne zenye springi, zikipita kwenye matundu yaliyoachwa kuzunguka soketi. Bolti hizo hukazwa kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, kutoka pembe hadi pembe. Anayemaliza bolti moja kabla ya kugusa nyingine anarudia kosa lile lile la klipu iliyoinama.

Yote hayo ni kweli Ulaya kama ilivyo kweli Msambweni. Lakini pwani ina ya kwake, na hayo hayaandikwi kwenye vitabu vilivyokuja na madabodi.

La kwanza ni joto la hewa. Hitisinki haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kupunguza tofauti. Chukua Athlon ya gigahezi 1.4, inayotoa wati 72 ikifanya kazi kwa nguvu zote na isiyotakiwa kupita nyuzi 95. Kwa hitisinki ya kawaida iliyokaa vizuri, kila wati moja huongeza kama nyuzi 0.6. Hizo ni nyuzi 43 juu ya joto la hewa. Limuru, chumba kikiwa na nyuzi 18, kiini kitafika 61. Diani wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 33, kitafika 76. Zote mbili salama. Sasa hitisinki ikae upande kidogo, kila wati iongeze nyuzi moja nzima: Limuru kiini kinafika 90, mashine inaendelea na hakuna anayejua kuna kosa. Diani kinafika 105. Ufungaji mbaya unaofichwa na baridi ya bara hufichuliwa na jua la pwani, na fundi wa Ukunda hulaumiwa kwa mashine ambayo kule ilikotoka ilikuwa nzima.

La pili ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba ikiwa vumbi lisiloonekana, na chumvi ya kawaida ina tabia moja mbaya: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huvuta maji hewani hadi ikayeyuka yenyewe. Pwani ya kusini, unyevu huo ni wa asubuhi nyingi za mwaka. Vumbi lililonasa kati ya mapezi ya hitisinki hugeuka tope la chumvi, alumini huota unga mweupe, shaba huota ukijani, na pale shaba na alumini zinapokutana, alumini huliwa upesi zaidi. Hitisinki ya namna hiyo isafishwe ikiwa mbali na madabodi, kwa brashi na maji safi, ikaushwe juani hadi ndani kabisa, ndipo irudi.

Kiungo cha kutazamwa zaidi, hata hivyo, ni klipu. Ni chuma cha springi, na kutu huanza kwenye mikunjo, pale pale panapobeba nguvu. Klipu iliyoliwa upande mmoja haikandamizi sawa, hata fundi awe hodari vipi. Nyingine hukatika wakati wa kufungwa, na hitisinki huruka na kukichapa kiini. Klipu yenye kutu iliyochimba ibadilishwe kwa ya hitisinki nyingine. Mara nyingi hutoka na kuingia bila shida. Meno ya plastiki ya soketi nayo yatazamwe kwa tochi, maana plastiki iliyopikwa na joto miaka 20 hukakamaa. Soketi nyingi zina meno matatu kila upande, na hitisinki yenye klipu ya matundu matatu hugawanya mzigo vizuri kuliko ile ya jino moja.

Fundi akiwa na tochi mkononi, azitazame pia kapasita zilizopangwa kando ya soketi. Madabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoka viwandani na kapasita mbovu zilizovimba vichwa au kuvuja. Kuhangaika na hitisinki juu ya madabodi yenye kapasita zilizovimba ni kupoteza pesti.

Pwani ina fadhila moja. Umeme tuli, ule unaoruka kutoka kidoleni na kuua vifaa kwenye nchi kavu na za baridi, hauna nguvu sana kwenye hewa yenye unyevu. Haujatoweka; kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika prosesa bado ni desturi nzuri. Ila ofisi za hoteli zilizofungwa kiyoyozi ni habari nyingine: hewa yake ni kavu zaidi, na mashine iliyopoa humo ikitolewa nje kwenye joto la mchana hutoka jasho juu ya vyuma vyake. Iachwe saa moja au mbili imefungwa kabla ya kuwashwa.

Safari nayo huua. Ndani ya kasha lililosimama wima, hitisinki inaning'inia ubavuni mwa madabodi, na kila shimo la barabara linaizungusha juu ya kiini. Mashine iliyotengenezwa vizuri Ukunda inaweza kufika ndani ya Kinango, baada ya mwendo wa bodaboda, ikiwa na kona iliyomeguka. Ilazwe ubavu, madabodi ikiwa chini na hitisinki ikitazama juu, ili uzito ushuke wima kama klipu inavyotaka. Vivyo hivyo kwa zile zinazovuka kivuko cha Likoni zikiwa kwenye buti la gari.

Baada ya kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi asiondoke mbele ya kioo. Kwanza feni izunguke; isipozunguka ndani ya sekunde mbili, umeme ukatwe. Kisha aingie kwenye BIOS, kwenye ukurasa wa joto na voltiji, atazame namba zikipanda. Zikipanda polepole kisha zikatulia, kazi ni nzuri. Zikiruka kwa kasi bila kusimama, hitisinki haijagusa. Na akumbuke kitambuzi kile cha chini ya soketi: kikisoma 60, kiini chenyewe kiko juu zaidi.

Kuhusu laptopu. Karibu zote, za zamani na za mwaka huu, zina kiini kisicho na kifuniko, kwa sababu hakuna nafasi ya chuma cha ziada. Bolti za hitisinki yake mara nyingi zimeandikwa namba, 1 hadi 4, na namba hizo zina maana: zikazwe kwa mpangilio huo, kidogo kidogo, na zilegezwe kwa kurudi nyuma. Mafundi wengi hufungua laptopu ya mwanafunzi kutoa vumbi la feni na kuzirudisha bolti kwa mpangilio wowote. Aliyejifunza mkono wake kwenye Duron ya mwaka 2001 hafanyi hivyo, na hapo ndipo ujuzi wa prosesa za zamani unapolipa leo hii.

Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma. Unapatikana kwa kufunga na kufungua klipu hadi vidole vijue lini nguvu imepinda, na mahali pa kuvunja ni kwenye kilichokwisha kufa. Prosesa zilizoungua na madabodi zenye kapasita zilizovimba sasa huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaozitaka kwa dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye pini, au huchomwa jalalani na moshi wake kuvutwa na watoto. Vyuo vya ufundi vya Kwale, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa iliyo katika kaunti hiyo, vingeweza kuzikusanya kwanza. Madabodi moja mbovu, Duron moja yenye ufa na hitisinki tatu za klipu tofauti zinatosha darasa zima kwa muhula, na zikishachakaa ndipo zipelekwe kwa wanaojua kuzivunjavunja kwa usalama, kama WEEE Centre ya Nairobi.